Macho ya Jirani, na Wajibu wa Anayeona



Liko swali ambalo sisi Wakristo wa huku Puge hatuna budi kulijibu, ijapokuwa wengi wetu tungependa lipite kimya. Swali lenyewe ni hili: ukimwona jirani yako ana dalili ya ugonjwa usoni pake, nawe ukadhani unaijua maana yake, wajibu wako ni upi? Unyamaze, kwa kuwa siri si yako? Au useme, kwa kuwa uhai wake u hatarini? Na ukisema, umwambie nani, na kwa namna gani?

Twauliza hasa juu ya macho ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Magonjwa mengi hufichwa na nguo, lakini ya macho hayafichiki. Wahenga walisema macho hayana pazia, maana yake anayetazama hazuiwi kuona. Nasi twaweza kuongeza kwamba jicho linalotazamwa nalo halina pazia. Kwa hiyo mgonjwa wa macho husomwa na kila mtu: sokoni, kisimani, na hata katika viti vya kanisa. Tusipojua kusoma kwa haki, usomaji wetu waweza kumpofusha mtu, au kumwua.

UGONJWA WENYEWE

Yatupasa kwanza kuujua ugonjwa, maana hukumu isiyo na maarifa ni udhalimu. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka mingi ikapita ambapo kazi kubwa ya Kanisa ilikuwa kufariji na kuzika. Tangu mwaka 2004 serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi, na mambo yakabadilika sana. Siku hizi mtu akipimwa na kukutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja adhoofike, na akizitumia vizuri huishi, hufanya kazi, hulea wanawe. Utafiti wa taifa wa 2022 na 2023 ulionyesha kwamba watu wazima wenye virusi, wa umri wa miaka 15 na zaidi, ni asilimia 4.4. Basi katika kila watu wazima mia moja wa nchi hii, wanne au watano wanaishi na virusi. Hao si watu wa mbali. Ni sisi.

Kabla ya dawa hizo kuenea, zaidi ya nusu ya wagonjwa walipatwa na matatizo ya macho wakati mmoja au mwingine. Leo ni wachache zaidi, lakini hayajakwisha, hasa kwa wale wanaochelewa kupima au wanaoacha dawa. Tutataja manne.

La kwanza ni mkanda wa jeshi. Virusi vya tetekuwanga, ambayo wengi wetu tuliugua utotoni, havitoki mwilini. Hulala katika mishipa ya fahamu. Kinga ya mwili ikipungua, huamka na kutoa malengelenge yenye maumivu makali upande mmoja wa mwili. Vikiamkia kwenye paji la uso, malengelenge hushuka hadi kwenye kope. Na yakionekana kwenye ncha ya pua, hiyo ni dalili kubwa kwamba jicho limo hatarini. Wazee huweza kuugua mkanda wa jeshi bila kuwa na virusi vya UKIMWI. Lakini kijana akiupata, ni vema apimwe. Dawa yake ipo, nayo hufaa zaidi ikianzwa katika siku 3 za kwanza tangu vipele kutokea. Tuikumbuke hesabu hiyo ya siku 3, maana tutairudia.

La pili ni uvimbe juu ya weupe wa jicho, karibu na duara jeusi. Huanza kama kinyama kidogo chenye rangi ya waridi au nyeupe, kisichouma sana, na wengi hukidharau. Vinyama vingine havina madhara makubwa, lakini kimojawapo ni saratani. Katika Afrika Mashariki saratani hii ilizidi sana baada ya UKIMWI kuingia, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 kutoka Kampala ulionyesha jinsi inavyofungamana na virusi hivyo. Jua kali la nchi zetu nalo huchangia. Kikiwa kidogo hukatwa, na jicho hubaki. Kikiachwa, itabidi jicho zima litolewe, na saratani yaweza kuenea na kuua.

La tatu liko ndani, kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Kinga ikishuka mno, virusi viitwavyo saitomegalo huweza kuula utando huo. Hapo jicho haliumi wala halibadiliki rangi. Mtu huona vitu kama nzi au vumbi vikielea mbele yake, au giza upande mmoja, na akikawia hupofuka.

La nne ni homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu. Mgonjwa huumwa kichwa siku nyingi, huona vitu viwili viwili, kisha uoni hufifia. Huyo apelekwe hospitali siku ile ile.

Kwa kuwa wengi wenye virusi huugua pia kifua kikuu, tuseme na hili: mojawapo ya dawa za kifua kikuu, iitwayo ethambutoli, kwa watu wachache hudhuru mshipa wa jicho. Mtu akiona rangi zinafifia asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, bali amwambie mganga mara moja.

SI KILA JICHO JEKUNDU

Baada ya kusema hayo, twataka kuonya. Mtu akisoma makala hii kisha akaenda sokoni kuwachungulia watu macho, atakuwa ametumia maarifa kwa uovu. Jicho huwa jekundu kwa moshi wa jikoni, kwa vumbi la kiangazi, kwa vikope, kwa presha ya macho, kwa kulia matanga. Hakuna mwanadamu awezaye kuviona virusi vya UKIMWI kwa kutazama jicho la mwenzake. Kipimo cha damu ndicho kisemacho. Wala machozi ya mwenye virusi hayaambukizi. Anayemfuta machozi ndugu yake hana la kuogopa.

Sisi wa nchi hii tungepaswa kulijua jambo hili kuliko watu wengine, maana tumekwisha kuona matunda ya kusoma macho ya watu. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea katika nchi ya Usukuma, jirani zetu wa kaskazini. Wala huku kwetu Unyamwezi hatuwezi kunawa mikono. Wako bibi vizee ambao ushahidi juu yao ulikuwa macho mekundu tu. Wamepika kwa kuni na kwa samadi kavu miaka hamsini ili watoto wale, kisha macho yale yale yaliyoharibiwa na moshi wa kuwalisha watu yakawa sababu ya kuuawa. Dhambi hiyo ilianzia wapi? Haikuanzia kwenye panga. Ilianzia pale mtu alipomtazama jirani yake akasema moyoni, "Namjua huyu ni nani," bila kumwuliza, bila kumsaidia.

Basi, anayemtazama kijana mwenye kovu la mkanda wa jeshi juu ya jicho na kunong'ona, "Ndiyo ile," anatembea katika njia ile ile, ingawa hajashika panga.

TUFIKIRI MFANO

Tufikirie mama mmoja anayeuza karanga kando ya barabara ya lami itokayo Nzega kwenda Tabora. Jumatatu anaamka na maumivu ya paji la uso. Jioni malengelenge yanatoka. Jumanne majirani wanaona. Mmoja anasema amerogwa. Mwingine, aliyewahi kumwuguza mdogo wake, anajua ni mkanda wa jeshi na anajua unaweza kumaanisha nini. Lakini ananyamaza, kwa kuwa anaogopa kuambiwa amemtangaza mwenzake. Jumatano mama anajifunika kanga mpaka puani, haendi zahanati, kwa maana pale atakutana na watu anaowafahamu. Alhamisi anapelekwa kwa mfumu, naye anamtia maji ya majani jichoni. Jumatano ya pili ndipo anapofika hospitali. Jicho limekwisha kufa.

Ni nani aliyelipofusha jicho lile? Virusi, ndiyo. Dawa ya majani ilichangia: uchunguzi wa wagonjwa wenye vidonda vya kioo cha jicho nchini Tanzania, uliochapishwa mwaka 1994, ulikuta kama mmoja katika kila wanne alikuwa ametumia dawa za kienyeji za macho. Lakini zile siku 3 za kwanza zilipotea kwa nini? Zilipotea kwa hofu. Na hofu ile hakuzaliwa nayo. Tulimpa sisi, tuliomsema mwenzake mwaka jana naye akisikia. Mgonjwa hufungwa mdomo na maneno aliyosikia juu ya wengine.

Ndiyo maana hatukubaliani na wale wasemao kwamba kusengenya ni dhambi ndogo ya wasio na kazi. Katika jambo hili kusengenya hupofusha macho ya watu.

MAJIBU MAWILI YASIYOTOSHA

Wako wanaojibu swali letu hivi: "Nyamaza. Mgonjwa ni mtu mzima. Siri ni yake." Jibu hili lina ukweli mkubwa, nasi hatulidharau. Sheria yetu ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu na inakataza kumnyanyapaa. Hata mchungaji, hata mzee wa kanisa, hana haki ya kuitangaza. Lakini kuficha siri ya mtu si sawa na kumwacha apotee. Mhenga alisema mficha maradhi kilio humfichua. Na mara nyingi anayeficha si mgonjwa peke yake, bali ni jirani aliyeona akageuza uso, akaiita hofu yake jina zuri la heshima. Kuhani na Mlawi katika mfano wa Msamaria nao hawakumtangaza majeruhi kwa mtu yeyote. Walinyamaza, wakapita upande wa pili.

Wengine hujibu: "Sema wazi. Aitwe mbele, aombewe, atubu." Hawa husahau Yohana sura ya 9. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana wetu alilikataa swali lenyewe. Akageukia kazi ya kumponya. Tena tusome mbele kidogo tuone jinsi wazazi wa mtu yule walivyoogopa kutengwa na sinagogi, hata wakakwepa kumsemea mtoto wao wenyewe. Hofu ya kutengwa na nyumba ya ibada huwatenganisha hata mzazi na mwana. Je, nyumba yetu ya ibada inaogopwa vivyo hivyo?

Na juu ya maombezi tuseme wazi, maana watu wamepotea hapa. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa, na baadhi ya wenye virusi wakaacha dawa zao za hospitali. Maombi ni haki ya kila Mkristo, na kuwekea wagonjwa mikono ni huduma ya Kanisa tangu Mitume. Lakini mwombaji anayemwambia mtu aache vidonge anabeba mzigo asioweza kuulipa: virusi huongezeka tena, kinga hushuka, na mara nyingine jicho ndilo hutangulia kutoa habari.

NJE YA KIJIJI

Twaona kwamba Injili ya Marko sura ya 8 inatupa jibu la tatu. Walimletea Yesu kipofu huko Bethsaida. Hakumponya palepale mbele ya umati. Alimshika mkono, akamwongoza hadi nje ya kijiji. Akamgusa, akamwuliza kama anaona kitu. Na kwa kuwa uoni ulikuwa bado hafifu, akamgusa tena. Kisha akamtuma nyumbani, akamwagiza asiingie kijijini.

Tazama mambo matatu. Bwana hakumwacha mtu yule kwa kisingizio cha siri, wala hakumfanya maonyesho, wala hakuchoka ilipobidi kurudia. Mkono, faragha na uvumilivu: hayo matatu ndiyo wajibu wa anayeona. Kwa maneno mengine, kumwona jirani hakutupi haki ya kumhukumu. Kunatupa wajibu wa kumsindikiza.

Katika maisha yetu hapa Puge, huenda ikawa hivi:

1. Ukiona dalili, mwendee mwenyewe, wala usianze kwa mtu wa tatu. Mwambie juu ya jicho lake tu: "Dada, jicho hili lisingoje, twende leo." Usitaje virusi. Kazi ya kupima na kushauri ni ya wenye taaluma, nao wataifanya kwa siri.

2. Usimtume, mpeleke. Anayeumwa jicho hawezi kupanda pikipiki peke yake, na mwenye hofu hurudi njiani. Kama anaogopa zahanati ya nyumbani, msindikize mbali kidogo: Ndala, Nkinga, Nzega mjini au Kitete kule Tabora. Ulizia mapema ni wapi alipo mtaalamu wa macho siku hiyo.

3. Msaidie nauli bila kuuliza maswali. Akina mama wa Umoja wanajua kufanya hivi kwa wazazi. Wafanye hivi kwa macho pia. Fungu liitwe "la wagonjwa" tu, lisiwe na jina jingine.

4. Ukirudi, nyamaza. Hapo ndipo kimya kinapokuwa wema.

Tena mwenye virusi naye ana wajibu, maana si mtoto wa kubebwa. Atumie dawa kila siku, amwambie mhudumu wa kliniki kila badiliko la uoni hata kama jicho haliumi, wala asitie dawa ya macho aliyopewa mtu mwingine. Na anayeanza dawa akiona macho yanawasha au yana ukungu, asikate tamaa akaziacha: kinga inaporudi mara nyingine huleta uvimbe ndani ya jicho, na jambo hilo hutibika.

WALIOKWISHA KUPOFUKA

Liko jambo moja zaidi, nalo hatulisikii likisemwa. Mtu mwenye virusi akipofuka, hupoteza uoni na faragha kwa pamoja. Aliye na macho huchukua kopo lake la vidonge, akasoma, akameza, akaficha. Asiyeona lazima amwulize mtu, "Hiki ni kidonge gani? Tarehe ya kliniki ni lini?" Mara nyingi anayeulizwa ni mjukuu wa miaka kumi anayemshika fimbo. Mtoto huyo amebebeshwa siri ya mtu mzima, na huenda shule inamsubiri. Huku kumwacha bibi na mjukuu peke yao, nasi tukasema kwamba tunaheshimu siri yao, ni haki?

Kanisa letu Anglikana lina historia katika kazi hii: hospitali ya Mvumi imetibu macho ya watu kwa miaka mingi, na shule ya wasioona ya Buigiri imewafundisha watoto kusoma kwa vidole. Hapa mkoani kwetu ndugu zetu wana shule ya Furaha mjini Tabora. Lakini asiyeona aliye mtaani kwetu hahitaji shule ya mbali tu. Anahitaji mtu mmoja mzima, mwaminifu, aliyemchagua yeye mwenyewe, wa kumsomea kopo na kumshika mkono siku ya kliniki.

Nchi yetu ina kumbukumbu ya jambo hili. Njia ya misafara ilipita Tabora kwenda Ujiji, na babu zetu Wanyamwezi waliijua kwa mabega yao. Mwezi Februari 1858 Waingereza Burton na Speke walifika karibu na Ziwa Tanganyika. Burton alikuwa hawezi kutembea, na Speke macho yalikuwa yamemwuma hata asiweze kuliona ziwa sawasawa. Burton alipouliza ni nini kile kinachong'aa kule chini, aliyemjibu kuwa ni maji alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa. Miezi michache baadaye, macho yakiwa yamepata nafuu, Speke alitoka Tabora akapita nchi hii ya kwetu kwenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti akaliona Ziwa Nyanza, Bombay akiwa pamoja naye. Vitabu vimeandika jina la Speke kwa herufi kubwa. Lakini msafara ule ulifika kwa miguu na macho ya watu wengine, na hakuna aliyeona aibu kuviazima.

Basi tusione aibu kukopeshana macho. Anayeona leo hajui kesho atashikwa mkono na nani. Mungu atujalie tumwone jirani yetu bila kumhukumu, tumshike bila kumtangaza, na tusichoke kumgusa mara ya pili. Amina.